Ukata Sio Ukwasi: Venye Utajaza Msamiati Kichwani Bila Kubeba Mwakenya

Wiki jana, saa tatu usiku, simu yangu ililia. Namba ilikuwa ya mathe lakini sauti ilikuwa ya brathe wangu mdogo, yule wa kidato cha nne, anasoma shule ya kutwa huko Bungoma.

"Bro, uko poa? Nitumie soo tano."

"Za nini?"

Akanyamaza kidogo. "Kuna karatasi ya Kiswahili. Mabeshte wanachanga. Ati insha iko ndani, na misamiati yote."

Sikumkaripia. Ningeanzia wapi, na mimi mwenyewe nishawahi kuwa yeye? Nilimwambia anipe siku mbili nifikirie. Hii story unayosoma ndiyo jibu nililompa, na kama wewe pia una mtihani, au unaandika ili upate doh ya unga kama mimi, nadhani itakusaidia.

Siku niliyoitwa Mkwasi

Nikiwa kidato cha tatu nilikuwa msee wa maneno mazito. Nilikuwa nimenakili misamiati kama 60 kutoka daftari la jamaa mwingine, nikaiandika kwa karatasi ndogo na kuikunja ndani ya soksi. Mtihani wa kufunga muhula ukafika. Insha ilikuwa kuhusu maisha magumu. Nikainama kama anayejikuna mguu, nikachungulia, nikaona maneno mawili yamefuatana: ukata, ukwasi. Nikachagua lile lililosikika tamu zaidi.

Niliandika hivi: "Familia yetu ilizongwa na ukwasi hata tukalala njaa siku tatu."

Mwalimu wetu wa Kiswahili hakuwa mtu wa kiboko. Aliniita mbele ya darasa, akanipa karatasi yangu nisome hiyo sentensi kwa sauti. Nikasoma na madoido.

"Ukwasi ni nini, mwanangu?"

"Ni... umaskini, mwalimu."

"Basi sisi wote humu ndani tuombe Mungu atupe umaskini kama huo."

Darasa lilivunjika mbavu. Ukwasi ni utajiri. Ni kuomoka. Ukata ndio ukosefu wa pesa, yaani kusota. Yule aliyeandika lile daftari aliyaweka pamoja juu ni kinyume, lakini mimi sikuwa nimesoma kitu, nilikuwa nimebeba tu. Mwalimu alinirudishia karatasi akasema polepole, "Neno hili halijatoka kwako." Kutoka siku hiyo niliitwa Mkwasi mpaka namaliza shule, na pesa za mkate sikuwa nazo.

Ungedhani nilijifunza hapo. Wapi! Niliingia chuo, nikaacha mwaka wa pili karo ilipokataa, nikaanza kuandikia watu story mtandaoni. Moja ya kazi zangu za kwanza nilisema msanii fulani "alichelea" kufika kwa shoo. Mhariri aliirudisha, akaniuliza huyo msanii alikuwa anaogopa nini. Kuchelea ni kuogopa au kuhofia jambo. Nilitaka kusema "alichelewa". Herufi moja tu, na pesa ya hiyo story sikuiona.

Hapo ndipo niliketi chini nikajiuliza: haya maneno ninayosema nayajua, nayajua kweli?

Mwakenya ilianza kama siri kubwa

Kila mtu aliyesoma Kenya anajua mwakenya ni karatasi ya kuibia mtihani. Wachache wanajua jina limetoka wapi. Miaka ya 1980 kulikuwa na vuguvugu la chini kwa chini lililoitwa Mwakenya, likipinga serikali ya Rais Moi. Watu walipitishiana makaratasi kwa siri, na ukishikwa nayo ulijipata jela. Wanafunzi wakaazima jina. Watu walifungwa kwa sababu ya karatasi zao, halafu sisi tukachukua jina lao tukalitia kwa soksi.

Na hii biashara ya karatasi "iliyovuja" siyo ya jana. KCSE ya 2015 ilikuwa noma. Zaidi ya watahiniwa 5,000 walifutiwa matokeo kwa sababu ya udanganyifu. Mwaka huo waliopata A kavu walikuwa zaidi ya 2,600. Mwaka uliofuata, 2016, Fred Matiang'i akiwa Waziri wa Elimu, ulinzi wa mitihani ukakazwa kabisa. Unajua A zilikuwa ngapi? 141. Nchi nzima.

Sisemi wote wa 2015 waliiba, na watu bado wanabishana kuhusu sababu zote za hayo mabadiliko. Lakini jiulize swali moja: yule aliyekuwa anategemea karatasi, siku karatasi haikuja, alibaki na nini?

Na hata karatasi ikija, haikusaidii venye unadhani. Karatasi ya pili ya Kiswahili ina alama 80, na 40 kati ya hizo ni matumizi ya lugha. Hapo unaambiwa unyambue kitenzi, utunge sentensi, utofautishe maneno mawili yanayofanana. Ukiwa na neno kwa soksi tu, utalitungia sentensi gani? Ya ukwasi wa kulala njaa?

Msee wa Bungoma na Kitale aliyewanyamazisha wengi

Kuna watu huku kwetu husema, "Kiswahili ni cha watu wa Pwani, sisi tutajaribu tu." Hiyo ni excuse, na dawa yake iko hapa karibu.

Ken Walibora alizaliwa Bungoma na kulelewa Cherang'any, Trans Nzoia. Hakuzaliwa Lamu, hakulelewa Mombasa. Mwaka 1996 alitoa riwaya ya Siku Njema. Mhusika mkuu, Kongowea Mswahili, anatoka Tanga kumtafuta baba yake, na safari inamfikisha wapi? Kitale! Kitabu kingine chake, Kidagaa Kimemwozea, kilitahiniwa KCSE miaka kadhaa. Alifika mpaka shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Ohio State, Marekani, na kufundisha huko ng'ambo. Alifariki Aprili 2020 huko Nairobi, na waliomlilia walitoka Tanzania na Kenya, bara na pwani.

Kwa hivyo swali la "natoka wapi" limeisha. Limebaki lile la "nafanya nini na maneno ninayokutana nayo".

Kuna maneno ya sura na maneno ya jina

Simama stendi ya matatu Kitale asubuhi. Utaona makanga, mama wa mayai, jamaa wa kuuza chaja. Sura zao unazijua, unawaona kila siku. Sasa mmoja akipotea na polisi wakuulize jina lake, utasema nini? Umemwona mara mia, jina hulijui.

Msamiati uko hivyo hivyo. Kuna maneno unayoyajua kwa sura: ukiyakuta kwa gazeti unaelewa kidogo, unaendelea. Halafu kuna maneno ya jina: unayaita na yanakuja, bila kuchungulia popote. Insha inataka hayo ya pili. Mahojiano ya kazi yanataka hayo ya pili. Na uwongo mkubwa tunaojiambia ni kuhesabu sura kama majina.

Ndiyo maana kusoma daftari mara tano na kalamu ya rangi ya njano hukudanganya. Mara ya tano kila neno linaonekana kama beshte wa zamani, unafunga daftari ukijiona umeiva. Hujaiva. Umezoea sura.

Hii siyo maneno yangu ya mtaa tu. Mwaka 2006, watafiti wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwapa wanafunzi makala wasome. Wengine wakairudia kusoma, wengine wakaambiwa waiweke kando wajaribu kuikumbuka wenyewe. Baada ya dakika tano, waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja mambo yakageuka: waliojipima wenyewe ndio waliokumbuka mengi. Na waliorudia kusoma ndio walikuwa wamejiamini zaidi! Yaani ile raha ya "nimeshika" ndiyo ilikuwa mtego.

Zamani zaidi, mwaka 1885, Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha matokeo ya kujipima mwenyewe kwa silabi zisizo na maana yoyote. Aliona kwamba tunasahau kwa kasi sana saa na siku za kwanza, halafu kasi inapungua. Na ukirudia kitu kwa kukipa nafasi, kinakaa kuliko ukikirundika siku moja. Kwa hivyo ukisahau neno la jana, wewe siyo mjinga. Ni kichwa cha binadamu kinafanya kazi yake. Shida ni kuliacha hapo.

Njia yenyewe, hatua kwa hatua

Hii ndiyo njia niliyompa brathe. Haina app wala bundle.

1. Maneno matano kwa siku, siyo hamsini.

Jumatatu mpaka Ijumaa, matano kila siku. Hiyo ni 25 kwa wiki, na muhula wa wiki 12 ni 300. Wikendi usiongeze, rudia tu. Hata ukipoteza theluthi moja unabaki na 200 yako kabisa. Mimi na soksi yangu ya maneno 60 nilimaliza na aibu.

2. Toa neno mahali linaishi.

Usichukue orodha ya msee mwingine. Chukua neno kwa kitu unachosoma au kusikia: Taifa Leo ya jana iliyofungiwa mandazi, riwaya, taarifa ya habari kwa redio, mahubiri, hata mzee wa kijiji akiongea kwa baraza. Neno ulilolikuta kwa sentensi linakuja na majirani wake. Neno la orodha linakuja uchi.

3. Litafute kwa kamusi, halafu lieleze na mdomo wako.

Usikisie maana. Kukisia ndiko kulikonipa jina la Mkwasi. Kamusi ya Kiswahili Sanifu imekuwa sokoni tangu 1981. Kama huna, darasani hakukosi mmoja mwenye nayo, ama mwalimu. Ukishapata maana, iandike kwa maneno yako, hata kwa Sheng. Mimi niliandika "ukwasi: kuomoka; ukata: kusota" na sijawahi kuyachanganya tena. Sheng siyo adui hapa. Ni ngazi ya kupandia. Shida ni kubaki kwa ngazi bila kupanda.

4. Litungie sentensi ya maisha yako.

Mfano, kusheheni ni kujaa mzigo pomoni. "Karibu na Kiminini tulipita lori lililosheheni mahindi." Kughairi ni kubadilisha nia. "Nilighairi kupanda nduthi mvua ilipoanza." Sentensi ya kitabu utaisahau. Ya mvua iliyokulowesha wewe haipotei.

5. Liulize jamaa zake.

Neno moja ni familia. Ukijua soma, una somo, msomi, msomaji, usomi, someka, somea, somesha. Hayo ni maneno saba ya bure, na mtihani unayapenda sana.

Na usisahau lugha ya nyumbani. Kama wewe ni Mbukusu, umezaliwa na mtaji. Mtu ni omundu, kuku ni engokho, mbuzi ni embusi, maji ni kamechi. Sikiliza vizuri utaona ni ndugu waliopotezana njiani. Kama kwenu mnaongea Kisabaot au Kiturkana huna huo undugu, sentensi zako za hatua ya nne zitafanya hiyo kazi.

6. Funika jibu. Hapa ndipo ukweli wako unapimwa.

Kata karatasi ya manila vipande vidogo. Mbele andika neno, nyuma andika maana na sentensi. Angalia mbele, sema maana kwa sauti, ndipo ugeuze. Kesho fanya kinyume: soma maana, utoe neno. Upande huu ni mgumu na ndio wenye faida, juu kwa insha hakuna mtu atakupa neno uelezee. Una wazo, unatafuta neno.

Ukikosa, kubali umekosa. Usigeuze kadi useme "aah, hiyo nilikuwa naijua". Hukuijua. Hakuna msimamizi hapo, hakuna mwalimu, ni wewe na manila. Ukijidanganya hapo, hiyo ni mwakenya pia, tofauti ni kwamba unayemwibia ni wewe.

7. Bahasha tatu.

Mwaka 1972, mwandishi aliyeitwa Sebastian Leitner alitoa kitabu kwa Kijerumani kilichoeleza njia ya kupanga kadi kwa kisanduku chenye vyumba. Sisi tutatumia bahasha. Bahasha ya kwanza unapitia kila siku, ya pili kila baada ya siku tatu, ya tatu mara moja kwa wiki. Kadi mpya inaanzia bahasha ya kwanza. Ukiipata, inapanda bahasha inayofuata. Ukiikosa, hata kama ilikuwa ya tatu, inarudi ya kwanza bila huruma. Hivyo muda wako mwingi unaenda kwa maneno yanayokusumbua, siyo yale unayapenda juu unayajua.

Dakika 15 zinatosha. Mimi hufanya kwa matatu nikienda kuona mathe. Kitale mpaka Kiminini bahasha ya kwanza. Kamukuywa niko kwa ya pili. Nikifika Webuye nimemaliza, nalala mpaka Bungoma.

8. Litumie kabla ya kulala.

Liweke kwa meseji, kwa stori na beshte, hata kwa ugomvi. Mwambie mtu, "Nachelea kusema umekosea." Atacheka. Sawa. Neno lililochekwa halisahauliki, mimi ndiye shahidi.

Na simu je?

Najua unawaza: siku hizi naambia simu iniandikie insha na inaandika fiti. Kweli, inaandika. Lakini muulize yule aliyeituma aeleze neno la mstari wa pili, atasimama mbele ya darasa kama nilivyosimama mimi. Simu ikikuonyesha maana ya neno, imekusaidia kama kamusi. Ikikuandikia kila kitu na wewe unakabidhi tu, ni ile soksi yangu ya zamani, tofauti ni kwamba hii ina chaji.

Turudi kwa brathe

Sikutuma soo tano. Nilinunua daftari moja, manila mbili na bahasha tatu, nikampa dere wa matatu ya Bungoma ninayemjua ampelekee. Bei haikufika hata nusu ya pesa za karatasi yao. Alikasirika. Siku mbili hakushika simu, na mathe akaniuliza nimemfanyia nini mtoto.

Sitakudanganya kwamba sasa amekuwa profesa. Mtihani bado hajafanya, na baadhi ya wenzake walichanga na kupewa kitu fulani ambacho hakuna anayejua kama ni cha ukweli. Yeye ana presha, kila siku anaambiwa ataachwa nyuma. Hiyo ndiyo sehemu ngumu ya kusoma kwa ukweli: kwa wiki za kwanza unaonekana mjinga, wale wa njia ya mkato wanaonekana wajanja.

Lakini jana usiku nilipata meseji kutoka simu ya mathe. Nainakili hapa venye ilivyo:

"Bro, nachelea kukusumbua lakini ukata umenizonga. Nitumie finje ninunue manila ingine, bahasha ya kwanza imesheheni."

Maneno matatu, kila moja mahali pake. Nikamtumia soo nzima.

Sasa wewe. Kabla ulale leo tafuta maneno yako matano ya kwanza. Ukikosa pa kuanzia, una ukata, ukwasi, kuchelea, kughairi na kusheheni. Kesho asubuhi, kabla ya chai, funika hii story ujiulize maana zake. Na usichungulie.